Mali ya Ndani ya Simu: Nani Atairithi?

Katika vijiji vyetu vya Tarime na Serengeti mazishi hayaishi vizuri pasipo mtu kusimama na kuuliza: "Nani anamdai marehemu? Na nani anadaiwa na marehemu?" Swali hili ni la haki, tena ni la zamani. Wazee wetu walijua kwamba mali ya mtu haikai yote katika zizi lake. Mwenye ng'ombe ishirini hakuwalaza wote mahali pamoja. Wengine aliwaweka kwa rafiki au kwa mkwe, ili ugonjwa au wezi wakiingia bomani wasiwamalize wote. Siku ya msiba rafiki yule husimama mbele ya watu na kusema, "Kwangu wako watatu, na mmoja amekwisha kuzaa." Basi watoto wa marehemu hupata haki yao, kwa kuwa shahidi yupo.

Lakini siku hizi kuna zizi jingine, lisilo na miiba wala shahidi. Zizi hilo ni simu. Ndani yake mna fedha, mna picha, mna maneno ya watu. Na kwa vijana wengi mna hata askari, silaha, mavazi na timu za mpira za michezo ya intaneti, vitu visivyoshikika lakini vilivyonunuliwa kwa fedha halisi. Mwenyewe akifa, nani atasimama na kusema, "Kwangu wako watatu"? Simu haisemi. Imefungwa kwa namba ya siri, na mara nyingi namba hiyo huzikwa pamoja na mwenyewe.

Usidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, na leo mfanyabiashara wa Sirari, mchimbaji wa Nyamongo na mkulima wa Mugumu wote huweka fedha katika laini. Kwa hiyo yafaa tuulize mapema: katika vitu hivi vya ndani ya simu, kipi hurithiwa, na kipi hakirithiwi?

MICHEZO YA VIJANA

Tuanze na lile ambalo wazee wengi hulidharau. Pita jioni mahali vijana wanapokutana, utawaona wameinama juu ya simu. Huyu anacheza Free Fire, mchezo wa vita wa kampuni ya Garena ya Singapore, uliotoka mwaka 2017. Yule anacheza eFootball, mchezo wa mpira wa kampuni ya Konami ya Japani. Kuingia ni bure, lakini ndani mna duka. Mchezaji hununua almasi au sarafu za mchezo, na kwa hizo hupata mavazi, bunduki, au wachezaji mashuhuri wa timu yake. Fedha hutoka kidogo kidogo, leo elfu mbili, mwezi ujao elfu tano. Miaka ikipita, kijana ambaye watu husema hana kitu amekwisha kutia humo bei ya mbuzi kadhaa.

Je, hiyo ni mali? Mahakama ya juu kabisa ya Uholanzi ilikwisha kujibu swali hili. Mwaka 2007, katika mji wa Leeuwarden, vijana wawili walimpiga mtoto wa miaka 13 na kumtishia kwa kisu. Hawakutaka fedha yake wala baiskeli yake. Walitaka hirizi na kinyago alivyokuwa navyo katika mchezo wa intaneti uitwao RuneScape. Wakamlazimisha kuingia katika mchezo, wakajihamishia vitu vile. Mbele ya mahakama walijitetea kwamba hawakuiba kitu, maana hirizi ile haishikiki, ni picha tu. Tarehe 31 Januari 2012 mahakama ikakata neno: ni wizi. Mtoto alikuwa amevipata vitu vile kwa muda wake na bidii yake, alikuwa navyo mkononi mwake, akanyang'anywa. Hakuna mtu wa Tarime anayehitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Lakini usifurahi upesi, ewe mwenye akaunti nene. Kitu kilicho mali mbele ya mwizi chaweza kuwa si mali yako mbele ya mwenye mchezo. Siku ile ulipofungua akaunti yalitokea maandishi marefu, ukabonyeza "nakubali" pasipo kuyasoma. Katika michezo mingi maandishi hayo husema hivi: kila kitu kilichomo ni cha kampuni, wewe umepewa ruhusa ya kukitumia, huna ruhusa ya kukiuza wala kumpa mtu mwingine. Mwaka 2024 mteja mmoja aliiuliza Steam, duka kubwa la michezo la kampuni ya Valve ya Marekani, kama mtu aweza kumwachia mwingine akaunti yake kwa wosia. Jibu lilikuwa kwamba haiwezekani.

Wafugaji wataelewa neno hili kuliko mawakili. Kuna ng'ombe wako, na kuna ng'ombe wa kukamua. Ndugu yako akikuazima ng'ombe mwenye maziwa, watoto wako hunywa, nawe humlisha na kumwogesha. Lakini ukifa, ng'ombe yule hagawiwi pamoja na ng'ombe wako. Mwenyewe huja na kumchukua. Almasi za mchezo ni maziwa ya ng'ombe wa kuazimwa. Ubaya wake ni kwamba uliyalipia kana kwamba unanunua ng'ombe.

Kwa hiyo mzazi aliyefiwa na kijana asidanganywe na mtu anayemwambia, "Nipe simu ya marehemu, akaunti yake nitaiuza." Akaunti iliyouzwa kinyume cha mkataba yaweza kufungwa siku yoyote, na aliyenunua atarudi kwenu kudai fedha yake. Tena akaunti hiyo mara nyingi imefungamana na barua pepe au Facebook ya marehemu. Anayeinunua hununua pia mlango wa kuingilia maneno yake ya siri na picha zake.

Nawe kijana unayesoma, fahamu jambo moja zaidi. Tangu mwaka 2020 laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha NIDA. Asiyefika miaka 18 hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mzazi au mlezi. Baba huyo akifa na laini ikafungwa, ujumbe wa kuthibitisha akaunti hautafika tena, na mchezo wako wa miaka mitano waweza kupotea. Kama umekwisha kupata kitambulisho chako, sajili laini yako mwenyewe, na vitu vyako uvifungamanishe nayo.

MAREHEMU ASIYEJULIKANA KWAO

Hata hivyo tusiseme kwamba mchezo ni upuuzi, basi. Huko Norway alikuwako kijana jina lake Mats Steen. Alizaliwa na ugonjwa wa kulegea misuli, akakaa katika kiti cha magurudumu, na miaka yake ya mwisho aliipitisha kwa sehemu kubwa mbele ya kompyuta, akicheza mchezo uitwao World of Warcraft. Alikufa Novemba 2014, akiwa na miaka 25. Wazazi wake walihuzunika mara mbili: kwanza kwa kufiwa, na pili kwa kudhani kwamba mtoto wao hakuwa na rafiki.

Lakini walikuwa na neno la siri la ukurasa wa intaneti alimokuwa akiandika. Wakatangaza humo kwamba Mats amefariki. Hapo barua zikaanza kumiminika kutoka nchi mbalimbali. Watu waliocheza naye miaka mingi, wasiojua hata kwamba hawezi kutembea, waliandika jinsi alivyowafariji, alivyowapatanisha na watoto wao, alivyowasikiliza usiku wa shida. Baadhi yao walisafiri mpaka Norway kumzika. Mwaka 2024 habari zake zilionyeshwa katika filamu iliyosifiwa duniani.

Angalia, msomaji, ni kitu gani kilichorithiwa hapo. Silaha za mchezo zilikuwa za kampuni. Wazazi walirithi habari za mtoto wao, nao walizipata kwa sababu walikuwa na neno moja la siri. Wasingekuwa nalo, wangeishi na huzuni isiyo ya kweli mpaka kufa kwao.

FEDHA YA LAINI

Sasa tuje kwenye fedha. Hii si maziwa, hii ni ng'ombe. Fedha iliyo katika laini ya M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au nyingine ni ya mteja, si ya kampuni ya simu. Kwa taratibu za Tanzania, zilizowekewa sheria mwaka 2015, fedha za wateja hutengwa na kuwekwa katika akaunti ya dhamana benki. Mwenye laini akifa, fedha yake ni sehemu ya mirathi kama shamba lake na nyumba yake.

Je, hupatikanaje? Kwanza ukoo hukaa kikao, humpendekeza msimamizi wa mirathi, na kuandika muhtasari. Hupatikana cheti cha kifo kwa msajili wa RITA. Kisha msimamizi huomba mahakamani. Kwa watu wengi wa vijijini ni mahakama ya mwanzo. Akiisha kuteuliwa, hupeleka kwa kampuni ya simu hati ya mahakama, cheti cha kifo na kitambulisho chake. Hatimaye hana budi kutoa hesabu mahakamani ya mali aliyoikuta na madeni aliyoyakuta. Mkopo aliouchukua marehemu kwa simu nao ni deni, nao huhesabiwa.

Njia hiyo ni ndefu, twajua. Ndiyo maana wengi hupita njia ya mkato. Mwili haujapoa, na mtu anayeijua namba ya siri amekwisha kwenda kwa wakala. Pengine nia yake ni njema, anataka kununua jeneza. Lakini hakuna aliyeona salio lilikuwa kiasi gani. Kesho kaka wa marehemu atasema zilikuwa milioni mbili, mjane atasema zilikuwa laki mbili, na ukoo utagawanyika juu ya namba ambayo hakuna shahidi wake. Kugusa mali ya marehemu kabla ya kuteuliwa msimamizi ni kujitia hatarini, maana mahakama yaweza kumtaka mtu huyo aijibie kila shilingi.

Hatari iko zaidi kwa fedha ya kikundi. Mara nyingi michango ya harusi, ya msiba au ya akina mama wa kuweka na kukopa hukaa katika laini ya mweka hazina mmoja. Huyo akifa, fedha ya watu thelathini inaonekana ni yake. Wanakikundi wanaidai, warithi wanaikana, na mjane asiye na habari anaitwa mwizi. Ziko huduma za simu zilizotengenezwa kwa vikundi, kama M-Koba iliyoanza mwaka 2019, ambamo fedha hukaa kwa jina la kikundi na wanachama huona mapato na matumizi. Kikundi kisichotumia huduma ya namna hiyo kiwe walau na daftari lililotiwa saini na watu watatu.

Watu wa Sirari wana jambo lao la pekee. Wengi wana laini mbili, moja ya Tanzania na moja ya Safaricom ya Kenya, kwa biashara ya Isebania. Fedha ya laini ya Kenya iko chini ya sheria za Kenya. Huko, kwa sheria ya mwaka 2011, fedha zilizokaa muda mrefu bila mwenyewe kuonekana hupelekwa kwa mamlaka ya serikali inayotunza mali zisizodaiwa, na warithi wakija na hati zao huweza kuzidai. Lakini watadai nini, kama hawajui kwamba baba alikuwa na laini ya pili?

Tena tusimsahau mjane. Sheria za kimila juu ya urithi, zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 kwa tangazo namba 436, zilimweka mjane nyuma katika ugawaji. Kwa hiyo ni muhimu watu wajue tofauti hii: fedha iliyo katika laini iliyosajiliwa kwa jina la mke mwenyewe, aliyoichuma kwa biashara yake, si ya kuorodheshwa kama mali ya marehemu. Lakini mke aliyeweka fedha zake zote katika laini ya mume atakuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha. Enyi mabwana wenye upendo, wasaidieni wake zenu kuwa na laini zao.

PICHA NA MANENO

Fungu la mwisho halina bei sokoni, lakini huenda ndilo linaloumiza zaidi. Ni picha, sauti na barua za marehemu. Hivi navyo havingoji. Akaunti ya WhatsApp isiyotumiwa kwa siku 120 hufutwa. Ndipo kundi la familia huona maandishi kwamba marehemu ameondoka katika kundi, na mama hulia upya. Tangu Desemba 2023 Google yaweza kufuta akaunti iliyokaa miaka miwili bila kutumiwa, pamoja na picha zilizohifadhiwa ndani yake. Na namba ya simu iliyokaa kimya muda mrefu hufungwa, kisha yaweza kupewa mtu mwingine kabisa.

Nchini Ujerumani wazazi wa msichana wa miaka 15, aliyegongwa na treni mjini Berlin mwaka 2012, waliomba kusoma maneno yake ya Facebook ili wajue kama ilikuwa ajali au alijiua. Kampuni ilikataa. Kesi ikaenda miaka mingi, mpaka tarehe 12 Julai 2018 mahakama kuu ya shirikisho mjini Karlsruhe ilipoamua kwamba akaunti ile hurithiwa kama zinavyorithiwa barua na daftari za marehemu. Wazazi wale walishinda, lakini karibu miaka sita ilikuwa imepita. Sheria yetu ya mirathi iliandikwa zamani, kabla ya simu ya mkononi kuwazwa. Mzazi wa Tarime asingoje mpaka apate kesi ya miaka mingi. Afadhali afunge mlango wa taabu mapema.

BASI TUFANYE NINI?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shilingi mia tano litatosha.

Kwanza, andika humo laini zote ulizo nazo, kampuni zake, na jina la aliyesajiliwa. Andika akaunti za benki, vikundi unavyochanga, na mikopo ya simu. Andika pia kama unashika fedha ya watu.

Pili, usiandike namba za siri katika wosia, maana wosia husomwa mbele ya watu wengi. Namba ya siri ya fedha usimpe mtu. Msimamizi wa mirathi haihitaji, anahitaji tu kujua kwamba laini ipo.

Tatu, neno la kufungulia picha na barua lifichwe mahali ambapo mtu mmoja mwaminifu anapajua. Facebook tangu mwaka 2015 inakuruhusu kumtaja mtu wa kuutunza ukurasa wako ukifa. Google tangu mwaka 2013 inakuruhusu kuchagua watu watakaopewa vitu vyako kama akaunti ikikaa kimya miezi 3, 6, 12 au 18. Wenye simu za Apple wana mpango wa namna hiyo tangu mwaka 2021. Kijana anayejua simu atakufanyia kwa dakika chache.

Nne, andika wosia mbele ya mashahidi, wa ukoo na wasio wa ukoo, nao uhifadhiwe mahali salama. RITA hupokea na kutunza wosia.

Tano, mfiwa asiharakishe kuvunja laini wala kuuza simu ya marehemu. Iwekwe, izimwe, na ikabidhiwe kwa msimamizi mbele ya watu, kama linavyokabidhiwa fimbo la baba.

Sita, mzazi, muulize kijana wako anacheza nini na anacheza na nani. Usimwulize kwa ukali. Huenda ana rafiki Mugumu, Mwanza au Nairobi, ambaye siku ya taabu angepaswa kupata habari, wala ninyi hamlijui jina lake.

Wazee wetu hawakuona haya kuhesabu ng'ombe wao mbele ya wana wao, wala hawakudhani kwamba kuhesabu huko ni kujitakia kifo. Walionyesha kwa kidole: huyu ni wetu, huyu ni wa fulani, na yule mweupe yuko Ng'oreme kwa rafiki yangu. Simu nayo yahitaji kidole hicho. Jioni moja wiki hii, mkiisha kula, chukua daftari, waite mkeo na watoto wako wakubwa, ukahesabu.